Kabla hujasema tumekula hela yako: kwa nini papi akirudi nyumbani anaanza upya

Kuna lalamiko linatufikia kila mara hapa kwetu tunakofundisha papi, yaani watoto wa mbwa, maneno yanabadilika ila wimbo ni ule ule: "kwenu alikuwa katulia, kurudi tu nyumbani kaanza tena kukojoa kwenye zulia, sasa mlikuwa mnamfundisha nini?" Wiki iliyopita mteja mmoja kaenda mbali zaidi, katuita matapeli na anataka hela yake yote irudi. Badala ya kujibu mtu mmoja mmoja kwenye simu mpaka sauti ikauke, acha niandike hapa mara moja, na huyo mteja nae asome maana najua bado anatufuatilia.

Kisa chenyewe ni hiki. Papi wa miezi mitatu na kitu, mchangamfu, shida zake za kawaida kabisa, anang'ata vidole vya watoto, anarukia wageni, anakojoa popote anapojisikia. Akamaliza kozi kwetu. Alivyoondoka alikuwa anakojoa nje, anaingia mwenyewe kwenye kizimba, kile kibanda chake cha kulalia ndani, bila kusukumwa, ukimwambia "kaa" anakaa. Sasa ndani ya kozi yetu kuna vipindi vya familia, viko ndani ya bei ile ile, yaani ukishalipa umeshavilipia. Hawakuja hata kimoja. Siku ya kumchukua alitumwa dereva. Tulivyoenda nyumbani kuangalia tatizo ni nini tukakuta baba anasema "kaa", mama anasema "keti chini", watoto wanapiga kelele "toka toka" mbwa akiwarukia, halafu hapo hapo wanacheka na kumkumbatia. Kizimba kimepelekwa stoo kwa sababu kinaharibu muonekano wa sebule. Na asubuhi hakuna anayemfungulia mlango mpaka watu wamalize chai. Hapo aliyesahau masomo ni nani jamani?

Watu wengi wanatuletea papi kama wanavyopeleka simu kwa fundi, kwamba ataguswa pale palipoharibika arudi mzima. Mbwa hafundishiki hivyo. Akijifunza "kaa" kwenye uwanja wetu, na mtu wetu, na kipande cha nyama mkononi, anachokijua ni kwamba *hapa, huyu, na hiyo nyama* maana yake ni kukaa. Akienda sebuleni kwako, mtu mwingine, sauti nyingine, kwake hilo ni jambo jipya mpaka alirudie huko tena na tena. Ndio maana hata sisi wenyewe hatumfundishi sehemu moja, tunampeleka getini, barabarani, karibu na watoto wanaocheza mpira, na kila sehemu mpya tunashuka daraja tunaanza na rahisi kwanza. Hiyo kazi inakula muda na ndio mnayoilipia, sio zile dakika chache mnazoziona kwenye video tunazowatumia.

Tuje kwenye mkojo maana ndio kesi namba moja. Hesabu ya mkononi tunayoitumia ni hii: umri wake kwa miezi, jumlisha moja, hizo ndio saa anazoweza kujizuia, na huo ndio mwisho wake wa kuvumilia, usiufanye ratiba. Papi wa miezi miwili ni saa tatu akijitahidi sana. Akitoka usingizini unamtoa, akimaliza kula unamtoa, akimaliza kucheza unamtoa. Ukimuona anaacha kucheza ghafla, pua chini, anazunguka zunguka sehemu moja, hapo una sekunde chache tu, mchukue muende nje, sehemu ile ile kila siku, simama kimya usimuongeleshe. Akimaliza, sio akianza, akimaliza, mpe zawadi yake pale pale ndani ya sekunde moja au mbili. Wengi wanarudi nae ndani kwanza ndio wanampa, basi papi anajua kapewa kwa kuingia ndani. Na wengine wanamtoa nje wanasimama mlangoni na simu, mbwa anakimbiza majani, wanarudi nae, anakojoa kwenye zulia, wanatupigia kwamba mbwa wao ni mkaidi!

Njia ya mkato ambayo karibu kila mtu ameshaijaribu kabla ya kuja kwetu ni kumshika shingo, kumsugua pua kwenye mkojo na kofi juu. Unaonekana kama umefanya kitu, ila papi hawezi kuunganisha hiyo adhabu na jambo alilofanya muda mrefu uliopita, anachounganisha ni kwamba wewe ukiwa karibu na mkojo upo, kuna kipigo. Tulishaletewa mbwa wa baba mmoja ambaye alikuwa hakojoi kabisa mbele ya watu. Anatembezwa na kamba muda mrefu mpaka mzee miguu inamuuma, hakuna kitu, akirudi ndani anasubiri watu wageuke anaenda nyuma ya kochi. Kwa akili ya yule mbwa alikuwa amefundishika vizuri sana, kafundishwa kujificha. Kumtoa huko kulituchukua muda mrefu kuliko ambavyo tungemfundisha papi asiyejua chochote, na bei ikawa juu zaidi, na yule mzee akalalamika. Bei ya kurekebisha iko juu kuliko bei ya kufundisha na hatuoni aibu kuisema.

"Lakini anajua kosa lake, muangalie uso alivyofanya." Hili tunaambiwa kila siku. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Alexandra Horowitz alilipima jambo hili, mwenye mbwa anamkataza mbwa asile kitu, anatoka chumbani, na anaporudi mara nyingine anaambiwa mbwa kala wakati hajala. Ule uso wa hatia ulifuata kugombezwa, haukufuata kosa, na mbwa waliogombezwa bila kosa ndio walioonyesha sana. Kwa hiyo yale masikio yaliyolala na macho pembeni ni mbwa anakuomba upoe, hakuna maungamo pale.

Kitu kingine, sabuni. Kama dawa yako ya kudekia ina amonia acha kuitumia kwenye mkojo wa mbwa, mkojo wenyewe una harufu ya namna hiyo, ni kama unamuwekea alama ya choo. Tafuta zile zenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo wenyewe. Wewe unasikia harufu ya maua, yeye pua yake bado inasoma kilichokuwepo chini yake.

Halafu kuna hawa wa "lazima ajue nani bosi". Wanamlaza papi chali na kumkandamiza mpaka atulie, kisa mbwa mwitu (wale wanaoitwa wolf kwa Kiingereza) wanafanya hivyo. Hayo mambo ya mbwa mwitu bosi chanzo chake ni mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu, mtafiti Rudolph Schenkel aliandika kuhusu hao mwaka 1947, na mtafiti mwingine, David Mech, ambaye mwenyewe alisaidia kulieneza hilo wazo alikuja kuandika mwaka 1999 kwamba porini kundi ni familia tu, baba, mama na watoto wao. Sasa wewe unamkandamiza mtoto wa wiki kumi kwa kitu ambacho hata mbwa mwitu hawana. Mbaya zaidi ni kumpiga anaponguruma. Kunguruma ni onyo, ni mbwa anakwambia hapo sipapendi. Ukimpiga kila akinguruma ataacha kunguruma, utafurahi, halafu siku moja atang'ata bila kutoa sauti. Mbwa wa namna hiyo wakija siku hizi tunawatuma kwanza kwa daktari wa mifugo aangalie kama kuna maumivu mahali, maana kuna aliyeletwa "mkali ghafla" kumbe sikio limeoza kwa ndani. Mwenye mbwa alikasirika kwamba tumemzungusha. Hatukumtoza chochote, na mbwa alivyotibiwa ukali ukapungua wenyewe.

Kung'ata kwa papi lakini ni jambo lingine, usichanganye. Ana meno 28 ya utotoni ambayo yanaanza kung'oka kwenye miezi mitatu minne hivi, mpaka apate yote 42 ya ukubwani ana kama miezi sita saba. Katikati hapo fizi zinamuwasha na dunia anaisoma kwa mdomo. Aking'ata, mchezo umeisha, simama, geuka, ondoka kidogo, rudi na kitu chake cha kutafuna. Mkono wako usiwe mwanasesere leo halafu kesho uwe kosa. Watoto wa nyumbani nao waambiwe hilo, wao ndio wanaoharibu kazi yetu kuliko mtu yeyote, tunawapenda lakini ukweli ndio huo.

Na usingizi! Papi anahitaji kulala saa 18 mpaka 20 kwa siku. Mama mmoja alitupigia karibu analia, kila jioni mbwa anakuwa kichaa, anakimbia kuzunguka meza, anang'ata pindo za nguo, watoto wamepanda juu ya viti. Tukaenda, tukakaa tukaangalia, nyumba ina pilika toka asubuhi mpaka usiku na papi hajapata hata sehemu ya kujilaza. Dawa ikawa kizimba kwenye chumba kimya, shuka juu yake, usingizi wa mchana kwa ratiba. Akaniuliza, "yaani nimelipa hela yote hii nikaambiwa mbwa alale?" Ndio mama. Umelipia mtu anayejua kutofautisha mbwa mkorofi na mtoto aliyechoka, maana mkufunzi wa kwanza aliyekwenda pale kabla yetu alikuwa ameshamuuzia kola ya umeme, ule mkanda wa shingoni unaompiga mbwa shoti.

Sasa hili la kadi ya chanjo, maana nalo linatugombanisha na watu getini. Kuna wanaosubiri mbwa afikishe miezi sita "akomae kwanza" ndio wamlete. Dirisha kubwa la papi kuzoea watu, sauti, magari na mbwa wengine linafunguka akiwa na wiki 3 na linaanza kufunga kwenye wiki 12 mpaka 14. Akikaa uani peke yake mpaka hapo, mtakuja kutulipa kumuondolea hofu, na hofu ndio kazi ngumu kuliko zote. Lakini pia hatupokei papi ambaye hana chanjo hata moja, hata ukituahidi nini. Chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulika na tabia za wanyama kilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba papi anaweza kuanza darasa akiwa na wiki 7 au 8, mradi zimepita angalau siku 7 toka chanjo ya kwanza na ameshapewa dawa ya minyoo. Na sisi tunafuata hivyo hivyo. Virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kuharisha kwa papi, vinakaa kwenye udongo miezi na miezi, papi mmoja mgonjwa akikanyaga uwanja wetu tumeumiza wote. Wakati unasubiri chanjo zake ziishe mbebe mkononi, aone barabara, asikie pikipiki, akutane na watu wenye kofia na miwani na ndevu, hiyo haina gharama yoyote.

Kwa hiyo utaratibu kuanzia sasa. Hatupokei mbwa wa kulala kwetu kama hakuna angalau mtu mmoja wa nyumbani atakayekuja kwenye vipindi, na awe yule anayeshinda nae mchana, sio anayelipa tu. Kwenye kipindi cha kwanza tunaandika karatasi ya amri, neno moja kwa jambo moja, mnaibandika jikoni na kila mtu anaifuata mpaka bibi. Mkija leteni kadi ya chanjo, chakula chake anachokula siku zote tusimvuruge tumbo, na kitambaa anacholalia kikiwa hakijafuliwa. Vipindi ambavyo mtu hakuhudhuria havipotei, vinakaa mpaka mbwa afikishe mwaka mmoja, na hata yule anayetuita matapeli vyake vipo, tumeshamtumia tarehe tunasubiri ajibu.