Barua ya wazi kwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii: Vikundi vya vijijini vitengewe fungu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu vikundi vya vijijini: vya kuweka na kukopa, vya kina mama, vya wakulima. Wizara huvikumbuka zinapotafuta watu wa kusikiliza kampeni. Kazi vinayofanya kulinda afya na utulivu wa watu haimo kwenye bajeti.

Tazama kikao cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, asiwepo wa kulifungua peke yake. Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa kumfaa aliyefiwa au anayeuguza. Kwangu mimi, lililo kubwa zaidi ni daftari la mahudhurio. Mtu asipoonekana, kuna atakayekwenda kupiga hodi kwake jioni hiyohiyo. Mjane aliyejifungia ndani hufikiwa hivyo, kabla hajajua aombe msaada wapi.

Ushahidi upo. Wilayani Makwanpur, Nepal, ambako wanawake wengi walikuwa wakijifungulia nyumbani, vikundi vyao vilikutana kila mwezi vikiongozwa na mwezeshaji wa hapohapo, asiye muuguzi. Hawakuhubiriwa. Walijadili wenyewe kinachoua watoto wachanga, wakaanzisha mifuko ya kuchangiana, wakaandaa machela za kubebea wajawazito. Utafiti uliochapishwa 2004 ulionyesha vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko kwenye maeneo yasiyo na vikundi hivyo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likapendekeza njia hiyo kwa vijiji vyenye uhaba wa huduma.

Bangladesh inatupa onyo. Vikundi vya namna hiyo vilipokuwa vichache kwa watu wengi mno, vifo vya watoto wachanga havikushuka; vikundi vilipoongezwa, vifo vikashuka. Kwa hiyo usituletee vikundi viwili vitatu vya mfano.

Ninachoomba ni hiki: mwezeshaji alipwe posho ya uhakika, maana anatembea kutoka kitongoji hadi kitongoji na nyumbani ana shamba linamsubiri. Ajenda waachiwe wanakikundi. Na zahanati iwe na dawa na mhudumu usiku na mchana, kwa sababu wanakikundi wanaweza kumfikisha mama mlangoni, lakini hawawezi kumwongezea damu.

Tunaomba jibu lako hadharani kabla bajeti ijayo haijapitishwa.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Mwanakikundi