Harambee ya wodi ya watoto wachanga: tunachangia vifaa vya kupimia

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Salamu kwa wazee wa mitaa yote ya Lamu, mama zetu, vijana wa mashua na wa punda, jirani zetu wa dini nyingine, na wana wa Lamu mlioko Mombasa, Ghuba na kwingineko.

Sisi kamati ya akina mama wa jamaa yetu tunawaalika kwenye harambee ya wodi ya watoto wachanga, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, baada ya swala ya alasiri, pale Mkunguni mbele ya Ngome.

Habari ilipoanza kuenea, wengi walituuliza, "Mnanunua inkubeta?" Hatununui sanduku hilo la kumpasha joto mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Tunanunua vipima oksijeni vya watoto wachanga, kichanganyio cha hewa na oksijeni, mizani inayosoma gramu, pampu ya dripu na viti vya kuegemea vya akina mama. Pesa ni zenu, kwa hiyo mna haki ya kujua sababu.

Mtoto njiti huzaliwa mapafu yake hayajakomaa, na mara nyingi oksijeni ndiyo inayomvusha. Lakini oksijeni hiyo hiyo ikizidi huharibu mishipa ya damu ya macho yake. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, njiti katika hospitali kubwa za ng'ambo walipewa oksijeni kwa wingi, kwa nia njema kabisa, na inakadiriwa watoto wapatao 10,000 duniani walipofuka, mpaka utafiti wa hospitali 18 za Marekani ulipothibitisha chanzo. Hapo madaktari wakaingiwa na hofu, wakaibana mno oksijeni, na watoto wengine wakafa kwa kuikosa. Leo inajulikana kwamba njiti anayepewa oksijeni, kipimo cha oksijeni ndani ya damu yake kisipite asilimia 95, wala kisiachwe kishuke sana. Rangi ya midomo haiwezi kumwambia muuguzi hayo. Kile kipimo cha kubana kidole mlichokizoea tangu wakati wa korona ni cha watu wazima. Kwa njiti hakishiki. Chake ni utepe mwembamba unaozungushwa kwenye unyayo, na unyayo wenyewe ni mdogo, urefu wake unakaribiana na wa kidole gumba cha mtu mzima.

Dawa nazo ni vivyo hivyo. Ini na figo za mtoto wa siku mbili hazifanyi kazi kama zetu. Mwaka 1959 madaktari walieleza jinsi kloramfeniko, dawa iliyokuwa ikiwaponya wakubwa, ilivyowageuza watoto wachanga rangi ya kijivu na kuwaua, kwa sababu miili yao haikuweza kuitoa. Sasa chukueni gentamaisini, inayotumika kila siku kwa maambukizi ya watoto wachanga. Kichupa cha wakubwa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Njiti wa kilo moja na nusu, katika wiki yake ya kwanza, anahitaji miligramu 4.5 tu, yaani kama sehemu moja ya kumi ya mililita. Ikizidi, figo na masikio yamo hatarini. Ikipungua, maambukizi yanabaki. Hesabu yote inaanzia kwenye mizani. Mizani ikikosea gramu mia tatu, dawa nayo imekosea.

Na inkubeta? Ina kazi yake, hatuikatai. Ila inataka umeme usiokatika, fundi na usafi wa hali ya juu. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, inkubeta zilikuwa chache na watoto wakiambukizana, ndipo daktari Edgar Rey Sanabria akawapa mama watoto wao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, wapate joto la mama. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, jirani zetu Tanzania wakiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kumbeba hivyo mara tu anapozaliwa, bila kungoja atulie kwanza, kulipunguza vifo vya watoto wa chini ya kilo 1.8 kwa robo. Mzazi aliye na kidonda, ndani ya arubaini yake, hawezi kukaa saa na saa kwenye benchi la mbao. Ndiyo maana ya vile viti. Baba na bibi pia wanaruhusiwa kumbeba, na baba zetu tunawaomba wasione haya.

Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinasema katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 21 hawamalizi mwezi. Kwetu sisi wa visiwani kuna na bahari: anayetoka Faza au Kizingitini hungoja maji yajae apite mlango wa bahari wa Mkanda. Akishafika wodini, asikose kipimo.

Mwenye elfu alete, mwenye hamsini alete. Leso safi na kofia za watoto tunapokea. Maziwa ya kopo, dawa zilizobaki majumbani na mashine zilizotumika msilete, tafadhali. Zinaweza kumdhuru mtoto.

Bei tulizopewa na wauzaji ziko kwa mweka hazina, aombe kuziona yeyote. Risiti zitasomwa hadharani vifaa vikifika. Walio mbali, mpigieni mweka hazina kwanza mwongee naye, ndipo mtume. Msitume kwa namba yoyote mliyoletewa na mtu mwingine.