Kabla hujasema karibuni

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mama Rukia,

Salamu nyingi, na shikamoo yangu imfikie mama. Sisi hatujambo, Baba Nuhu anakusalimu. Najua ulipiga simu Idi nzima sikupokea, na kwenye arusi ya Tatu sikuonekana wala sikutuma neno. Usidhani nina kinyongo. Sikuwa na usingizi, shoga. Mtu akikesha miezi mitano, hata simu ikilia anaiona mzigo.

Dhumuni hasa la barua hii ni kukuomba malazi. Tumeandikiwa rufaa ya Hospitali ya Muhimbili hapo Dar, tarehe 14 mwezi ujao, na hatutakaa chini ya siku nne. Ningekupigia ungesema "karibuni" kabla sijamaliza, nakujua. Ndiyo maana nimeandika. Nataka ujue kwanza usiku wetu ulivyo, ndipo ukubali au ukatae. Safari iliyopita nyumba ya wageni tuliyofikia ilitutoa saa saba usiku, mtoto mgongoni na mabegi mkononi, na sitaki yanikute tena, hasa kwako.

Nuhu anapiga mayowe. Sisemi kulia. Analala vizuri tu saa mbili na nusu, lakini ikikaribia saa tano anainuka ghafla akakaa kitako, macho yamemtoka, anapiga ukelele ambao mara ya kwanza baba yake alishika panga akidhani mwizi kaingia. Jasho linamtiririka, na ukimwekea mkono kifuani moyo unadunda kama wa kifaranga ukimfumbata. Namwita, hanioni. Anatazama nyuma yangu, kama kuna mtu kasimama mlangoni. Nikimkumbatia ananisukuma kwa nguvu ambazo sijui mtoto wa miaka miwili na miezi minane anazitoa wapi. Dakika kumi, pengine robo saa, halafu anaanguka kwenye mto amelala fofofo. Asubuhi anatafuta kikombe chake chekundu kama hakuna lililotokea.

Basi kila mtu akawa na lake. Mama mkwe anasema degedege, wifi anasema kuna kitu mtoto anakiona. Tumefukiza ubani, tumeletewa kombe, akalitema lote. Dua siikatai, naiomba kila usiku. Kilichoniuma ni siku niliyorudi sokoni nikamkuta amelegea, akitembea anayumba. Alinyweshwa dawa ya mafua, ile inayosinzisha, vijiko viwili, eti nami nipate kupumzika. Daktari aliposikia alinyamaza kwanza, kisha akaniambia dawa zile zinaweza kumfanya mtoto mdogo ashindwe hata kupumua. Mpaka leo chupa hiyo nikiiona dukani mwili unanisisimka.

Daktari mwenyewe ni binti mdogo, lakini anasikiliza. Ndiye aliyetuambia Februari kwamba Nuhu ana usonji, ile hali ya ubongo inayoweza kumfanya mtoto achelewe kusema na asivumilie kelele wala kuguswa. Nilipomweleza habari ya mayowe akaniuliza, saa ngapi? Nikasema usiku. Akasema, "Mama, usiku ni mrefu. Nunua daftari." Nikaanza kuandika: kalala saa ngapi, kala nini, mchana kalala au hakulala, choo kapata lini, nje kulikuwa na kelele gani. Wiki mbili, shoga, na kumbe vilio ni viwili!

Hicho cha saa tano, mtoto hajaamka. Macho yamefunguka lakini yumo kwenye usingizi mzito kabisa, hanioni wala hanisikii, na kumbe tulivyokuwa tunamtingisha na kumwagia maji usoni ndivyo tulivyokuwa tunakirefusha. Siku asipolala mchana ndiyo kinakuja kikali. Kilio cha pili ni cha saa tisa au saa kumi, na hapo yuko macho. Anashika mkono wangu anaukandamiza tumboni kwake. Mimi nilidhani ananisukuma. Nilipotazama daftari, ilikuwa siku ya nne hajapata choo. Mtoto anayekula wali mkavu, chapati na biskuti tu, maji mafunda mawili, utategemea nini? Nilimfokea, Mama Rukia. Usiku mwingi nilimfokea mtoto anayeumwa tumbo, na hana neno la kuniambia zaidi ya ule mkono. Hilo sijajisamehe.

Sasa anapewa dawa ya kulainisha choo, na kilio cha saa tisa karibu kimekwisha. Neti nimeifunga juu kwa kamba nne, maana pindo lilikuwa linamgusa shavu na yeye kitu kikimgusa kidogo hivyo ni kama amechomwa. Na kile cha saa tano tunakiwahi: saa nne na nusu naingia, namsugua nyayo taratibu mpaka ajigeuze na kuguna, kisha namwacha aendelee kulala. Daktari alisema nifanye hivyo kila siku kwa wiki kadhaa, saa ileile. Mwanzoni niliona ni wazimu, kumwamsha mtoto ambaye hatimaye kalala. Lakini kutoka kila siku, sasa ni mara mbili kwa wiki.

Kwa nini basi Muhimbili? Kwa sababu mara mbili mwezi uliopita kilikuja kitu kingine. Hakupiga kelele. Mdomo ulivutwa upande, mkono wa kushoto ukawa unarukaruka, kisha akajikojolea, na hiyo suruali ya usiku alikuwa ameshaacha kuilowesha. Mara ya pili Baba Nuhu alimrekodi kwa simu. Daktari aliitazama video mara tatu. Akasema watoto wenye usonji hupata kifafa zaidi kuliko watoto wengine, na hawezi kukisia, lazima kipimo cha umeme wa ubongo. Inawezekana sicho. Nimelishika hilo "inawezekana" mpaka limechakaa.

Na hapo ndipo roho yangu ilipo. Vijiwaya vinabandikwa kichwani kote, na Nuhu hata kitana hataki. Tena wanataka usiku wa kabla yake alale kidogo tu, ili asinzie wakati wa kipimo. Yaani kuchoka kulekule kunakoleta mayowe, na usiku huo tutakuwa kwako. Kila jioni namvalisha kofia ya baba yake, nahesabu mpaka kumi, namvua. Jana tumefika thelathini.

Kwa hiyo nyumba yako ikisikia mayowe, nakuomba hivi. Msiwashe taa. Asimbebe mtu, hata mama, na najua mama atataka kumbeba. Asisemeshwe. Mimi nitakaa kando yake kuzuia asijigonge ukutani, basi. Lakini nikiwaita kwa jina, hapo njooni mbio.

Sasa niambie kweli. Kile chumba cha uani bado kitupu au kaka yako amerudi? Feni yake inapiga kelele? Yule jirani wa muziki bado yupo? Na jogoo wa mama? Baba Rukia anaingia zamu ya usiku au ya mchana siku hizi, maana mtu aliyetoka kazini anahitaji usingizi wake? Rukia ataogopa? Mama Salma si alimpeleka binti yake kipimo hikihiki, aliwezaje kumtuliza? Muulize kama walimruhusu kumpakata. Na kutoka Tandika mpaka Upanga asubuhi, tutoke saa ngapi, maana daladala iliyojaa hawezi, ataziba masikio na kulia njia nzima?

Ukiona haitawezekana, andika haitawezekana. Nitaelewa, na kwa kuikosa arusi ya Tatu nitakuja kukuomba radhi uso kwa uso hata hivyo. Ila nijibu kabla ya Ijumaa, Baba Nuhu akate tiketi.

Neti tutakuja nayo. Kamba pia.

Shoga yako,
Mama Nuhu