Hati miliki haikuwaokolea Wamaori ardhi yao

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu ardhi ya jamii iliisifu New Zealand kwa jambo ambalo nchi hiyo yenyewe imekwisha kulijutia. Mwandishi alidai kwamba Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walinusurika kwa sababu serikali iliwapimia mashamba mapema, ikawapa hati, kisha ikawasimamia mikataba ya kukodisha. Yote matatu yalifanyika kweli. Na ndiyo hayo hayo yaliyowamalizia ardhi.

Mkataba wa Waitangi, kati ya machifu wa Wamaori na Uingereza, ulipotiwa saini Februari 1840, karibu nchi yote ilikuwa mikononi mwa Wamaori, na mkataba wenyewe uliwaahidi kwamba hawatabughudhiwa. Leo ardhi inayotambuliwa kisheria kuwa ya Wamaori ni takriban hekta milioni 1.4, yaani kama asilimia 5 ya nchi nzima. Nyingine ilinunuliwa na serikali kwa bei ya kutupa, nyingine ikataifishwa baada ya vita vya miaka ya 1860. Lakini sehemu kubwa sana, hasa katika Kisiwa cha Kaskazini, ilipitia mlango wa mahakama, kwa mihuri na sahihi zote zinazotakiwa.

Mahakama hiyo, ya Ardhi ya Wenyeji, iliundwa kwa sheria za 1862 na 1865. Kabla yake ardhi ilikuwa ya ukoo. Mtu alikuwa na haki ya kulima hapa, kuvua pale, kutega ndege kule, bali hakuwa na haki ya kuuza. Chini ya sheria ya 1865, eneo lisilozidi ekari 5,000 liliandikishwa kwa majina yasiyozidi kumi. Ukoo ulidhani wale kumi ni wawakilishi wake. Sheria iliwahesabu kuwa wenye mali, wakauza au wakaweka rehani bila kumuuliza mtu. Heretaunga, uwanda ulipo mji wa Hastings, ulipewa watu kumi mwaka 1866. Wafanyabiashara wakawafungulia madaftari ya mkopo, madeni yakapanda, na kufikia 1870 uwanda ulikuwa umeuzwa.

Wala kukaa kando hakukusaidia. Mmoja akipeleka dai, wote walilazimika kwenda kujitetea, maana asiyehudhuria alipoteza. Walipiga kambi mjini wakila kwa mkopo, na juu yake kuna mpima ardhi, wakili na ada za mahakama. Aliyeshinda kesi mara nyingi aliuza sehemu ya alichoshinda ili alipe gharama za kukishinda. Sheria ya 1873 ikadai kila mwenye haki aandikwe jina, ikadhaniwa dawa imepatikana. Kumbe wanunuzi sasa wangeweza kumfuata mwenye hisa mmoja mmoja.

Sasa tuje kwenye ukodishaji, ambao mwandishi wenu aliupitia kwa sentensi mbili tu. Aende Taranaki, pwani ya magharibi. Huko ardhi ilitwaliwa baada ya vita, na watu wa Parihaka, wakiongozwa na Te Whiti o Rongomai na Tohu Kākahi, wakapinga bila silaha kwa kung'oa vigingi vya wapimaji na kulima mashamba waliyopewa walowezi. Novemba 5, 1881, wanajeshi na askari wa kujitolea wapatao 1,600 walikivamia kijiji. Baada ya hapo serikali ikaahidi kuwarudishia Wamaori sehemu ya ardhi kama hifadhi zao. Walirudishiwa jina tu. Usimamizi alikabidhiwa Mdhamini wa Umma, ofisa wa serikali, naye akawakodishia walowezi. Sheria ya 1892 ikaifanya mikataba hiyo iwe ya miaka 21 inayohuishwa milele, kila mpangaji apendapo. Mmaori aliyetaka kulima kipande cha ardhi yake mwenyewe ilimbidi aombe leseni.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe, shamba, na neno la mwisho.

Hapakuwa na wizi wa kificho, kila kitu kilikuwa kwenye gazeti la serikali. Sheria ya 1955 ilikusanya mikataba ya namna hii nchini na kuweka kodi ya mashamba kuwa asilimia 5 ya thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu majengo na maendelezo yaliyo juu yake, isiyoguswa mpaka miaka 21 ipite. Fikirieni kodi iliyopangwa kabla ya mfumuko wa bei wa miaka ya 1970! Mpangaji aliweza kuuza upangaji wake kwa bei ya soko, au kuwaachia wanawe. Mwenye ardhi alipokea vijisenti, na kurudi kuishi pale hakuruhusiwa. Mpaka 1997 ndipo Bunge lilipobadilisha kodi zifuate soko na kupitiwa kila miaka 7. Uhuishaji wa milele haukufutwa.

Na bado serikali ilikuwa na makali mengine. Kwa kuwa mahakama iliamua tangu 1867 kwamba watoto wote wanarithi sawasawa, hisa zilikatika kizazi hadi kizazi. Badala ya kurekebisha mfumo iliouunda, mwaka 1953 serikali ilimruhusu Mdhamini wa Wamaori, ofisa wake wa kusimamia ardhi zao, kuchukua kwa lazima hisa za chini ya pauni 25, kwa madai kwamba hazina tija. Sheria ya 1967 ilizidisha mamlaka hayo. Hiyo ni miongoni mwa sababu zilizomtoa Whina Cooper, mama wa miaka 79, kuongoza maandamano ya miguu kutoka Te Hāpua hadi bungeni Wellington, Septemba na Oktoba 1975, kudai kwamba isipotee hata ekari moja zaidi.

Sheria ya 1993 inayotumika sasa imefanya kuuza kuwe kugumu: ridhaa ya wenye hisa wengi, kibali cha mahakama, na ndugu wapewe nafasi ya kwanza. Wapo wanaolalamika kwamba benki hazikopeshi juu ya ardhi yenye wamiliki mia kadhaa. Ni kweli, na ni kero ya kila siku kwa anayetaka kujenga nyumba. Mimi hata hivyo naona afadhali kero hiyo kuliko wepesi ule wa Heretaunga.

Sisi wa Pwani ya Kenya hatuhitaji kufafanuliwa sana. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wathibitishe madai yao, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Vijiji vya wanaoitwa maskwota, kwenye mashamba waliyolima babu zao, havikuanguka kutoka mbinguni.

Namwomba mwandishi wenu arejee kwenye mada hii, na safari hii aanze na kesi ya Wakatū, shirika la Wamaori wenye ardhi. Huko Nelson, katika Kisiwa cha Kusini, asilimia 10 ya ardhi iliyonunuliwa na kampuni ya walowezi ilipaswa kutengwa kwa ajili ya Wamaori, ikatengwa pungufu. Februari 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali ilikuwa na wajibu wa mdhamini kwa wenye haki hao, wajibu unaoweza kudaiwa mahakamani. Wanasheria wetu wanaotetea ardhi ya jamii wangenufaika zaidi kuisoma hukumu hiyo kuliko kuambiwa tuige utaratibu wa hati.

Msomaji wenu,
Kilifi