Mpwa wangu, usiihukumu gemu ya Contra kwa televisheni bapa

Mpwa wangu,

Nasikia umejipatia Terminator, ile mashine ya gemu za kaseti, ya mitumba pale soko la Kibuye, na tayari umetangaza kwenye kundi la familia kwamba gemu za zamani ni takataka tuliyoipenda kwa kukosa kingine. Baadhi ni takataka kweli, nitafika huko. Lakini kwanza nijibu: umezichezea kwenye televisheni gani?

Kama ni ile bapa ya sebuleni, hukumu yako haisimami. Picha ikiingia kwa waya wa manjano, televisheni huinyoosha ijae kioo na kuilainisha kabla ya kukuonyesha, na kazi hiyo hula muda. Super Mario Bros. ya 1985 iliundwa kwa picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16.7 hivi. Televisheni ikichelewa milisekunde 100, Mario anaruka picha sita baada ya kidole chako, na shimo limeshammeza. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua hali ya gemu, zima kila kinachoitwa kulainisha mwendo, kisha rudisha umbo la picha kuwa 4:3, lile la televisheni za zamani. Bora zaidi, tafuta televisheni ya kisogo, ile nene ya zamani, ambayo baadhi ya watu huigawa bure ili wapate nafasi. (Usiifungue nyuma. Hubaki na umeme mkali hata ikiwa imezimwa.)

Duck Hunt nayo, ile ya kupiga bata kwa bastola ya plastiki, usiijaribu kabisa kwenye televisheni bapa. Ukivuta kifyatulio, kioo huwa cheusi kwa kitambo kidogo, kisha kisanduku cheupe hutokea mahali pa bata, na jicho lililo ndani ya bastola hukitafuta papo hapo. Kwenye televisheni bapa kisanduku kinachelewa, bastola haioni kitu, na kila risasi ni bure hata ukiigusisha kwenye kioo.

Sasa mashine yenyewe. Soma voltu zilizoandikwa chini yake na alama ya chanya na hasi kabla ya kuchomeka adapta yoyote. Nyingi za aina hiyo hutaka 9V, na ndani kuna kipande chenye miguu mitatu, 7805, kinachoshusha hadi 5V na kutupa ziada kama joto. Mashine ikivuta ampea 0.3, kwa 9V joto hilo ni wati 1.2. Ukiipa adapta ya 12V linafika wati 2.1, picha zinaanza kuganda baada ya muda, nawe unalaumu kaseti.

Kaseti nazo, acha kuzipuliza. Mate ni unyevu, na Kisumu hatuna upungufu wa unyevu. Meno ya shaba yanashika kutu. Chovya pamba ya masikio kwenye isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi, sugua meno pande zote mbili, acha yakauke kabisa ndipo uchomeke. Spiriti ya vidonda ina maji mengi zaidi, na nyingine huwa na mafuta.

Ukishafanya hayo, anza na Battle City ya Namco, 1985, ile ya vifaru na tai. Kwangu hii ndiyo iliyozeeka vizuri kuliko zote. Kila hatua ina vifaru 20 vya adui, na tai unayemlinda akipigwa umekwisha hata kama una maisha matano kibindoni. Kwa hiyo lazima mmoja abaki nyumbani, na hapo ndipo kelele za wachezaji wawili huanzia, hasa kwa kuwa ukimpiga mwenzako anaganda kwa muda huku adui wakibomoa matofali. Unaweza hata kujichorea uwanja wako, ingawa ukizima mashine, au stima ikipotea, umefutika. Kasoro yake ni kwamba zile hatua 35 huanza kufanana mapema.

Contra, ile ya kukimbia na kupiga risasi, bado ni kali. Ikikushinda, kwenye ukurasa wa mwanzo bonyeza juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha Start: unapata maisha 30. Kwa wawili, bonyeza Select kabla ya Start. Kwenye hatua ya maporomoko ya maji msubiriane. Anayetangulia akipanda, kioo kinamfuata na aliye chini anakufa. Huo ni uundaji mbovu, na tulikuwa tukiutetea bila sababu. Mario bado anapendeza, na ukifa kabisa, shikilia A halafu Start uendelee na dunia uliyofia.

Ile kaseti inayodai kuwa na gemu “9999” usiihesabu. Mara nyingi ni gemu chache tu zinazorudiwa kwa kuanzishwa hatua tofauti.

PlayStation ya kwanza, chagua kwa uangalifu. Kuta zake hutetemeka na michoro kupinda unaposogea, na gemu nyingi za kutembea huku na huku zinachosha leo. Tekken 3, ile ya ngumi na mateke, inasimama bila kutetewa. Kwenye PlayStation 2, gemu ya mpira PES 6 ina vikosi vya 2006, lakini pasi zake bado ni tamu.

Kabla hujawaita watoto, ijaribu pedi ya pili. Kitufe kisichoitikia, fungua skrubu, futa duara jeusi la kaboni chini ya mpira kwa isopropili ileile, na usilikwangue. Kaboni ikiwa imeisha, nunua pedi nyingine, ila hesabu matundu ya plagi kwanza, maana ya matundu 9 haiingii kwenye soketi ya 15.

Mjomba wako