Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Jumuiya ya Watumia Maji, Bonde la Usangu

Ndugu wanajumuiya,

Mliohudhuria mkutano uliopita mtakumbuka kwamba tulitawanyika bila kuagana vizuri. Hoja ilikuwa moja: mabanio, yaani vizuizi vya mtoni vinavyogeuza maji kuingia mifereji yetu, yafungwe kiangazi au yasifungwe. Kura zilipita kwa shida, mabanio yakafungwa, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni habari ya yaliyotokea baada ya hapo. Hesabu nitazigusa tu, maana mhazini atazisoma mwenyewe na anazijua kuliko mimi.

Nianze na safari. Mwezi Oktoba kamati iliwatuma wajumbe saba, wanne wa mifereji ya juu na watatu wa mkiani, kule maji yanakofika mwisho, wakauone mto huko unakokwenda baada ya kutupita sisi. Wengi wetu tumezaliwa kando ya maji haya na hatujawahi kuyafuata hata siku moja. Kwa ruhusa ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tukiwa na askari wao, tulifika Ng'iriama, kwenye mwamba ambapo maji ya kinamasi cha Ihefu hutokea kuendelea na safari kama Ruaha Mkuu. Mwamba ulikuwa mkavu. Ukitembea juu yake unasikia viatu vyako.

Mzee mmoja kati yetu aliueleza mwamba ule vizuri kuliko mtaalamu yeyote niliyewahi kumsikiliza. Alisema Ihefu ni karai. Ukimimina maji ndani ya karai hayamwagiki upande wa pili mpaka yafike ukingoni, na mwamba huu ndio ukingo. Yakishuka chini yake, maji yamo bado ndani ya Ihefu, jua linayanywa, na huku ng'ambo mto umekatika. Kwa hiyo mito yetu inayoshuka kutoka milima ya Kipengere na Uporoto, yaani Kimani, Chimala, Mbarali na mingine, inapaswa kufika ikiwa na nguvu ya kulishikilia karai lile kiangazi kizima. Mto wetu mwaka huu ulifika. Peke yake hautoshi, na hilo tuliliona kwa macho.

Chini zaidi, ndani ya hifadhi, tulioneshwa viboko wamebanana kwenye dimbwi moja la tope la kijani. Mjumbe mmoja wa mifereji ya juu, ambaye hapa mkutanini alipiga kura ya kupinga, alisimama pale muda mrefu. Kwenye gari hakusema neno. Sijamuuliza alichofikiri na leo sitamtaja.

Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993, na tangu hapo umezoea. Sababu tumezitoa nyingi. Tumeilaumu mvua. Tumewalaumu wafugaji. Lakini mifugo iliondolewa Ihefu mwaka 2006, Usangu ikaingizwa Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008, na mto umeendelea kukatika. Sisemi ng'ombe hawaharibu ukingo, wanaharibu, nimeona. Ninachosema ni kwamba walipoondoka tulikosa mtu wa kumsingizia.

Nasi pia tumesingiziwa. Miaka ya mgao wa umeme tuliambiwa mpunga wa Usangu ndio uliolizima taifa, kwa kuwa maji haya huingia mabwawa ya umeme ya Mtera na kisha Kidatu. Bwawa la Mtera hujazwa na maji ya masika. Kijito cha Oktoba, hata tungekiacha chote, kisingewasha taa nyingi. Anayekihitaji kijito hicho ni mto wenyewe na vilivyomo, na watu wanaochota maji chini yetu. Ni sababu tosha, haihitaji kuongezewa chumvi ya umeme.

Sasa kuhusu mabanio, naomba mnivumilie. Mabanio ya wazee wetu yalikuwa ya miti, mawe na nyasi. Kila masika mafuriko yaliyabeba, na kila mwaka tuliyajenga upya kwa ujima. Yalivuja mno, na kule kuvuja ndiko kulikopeleka maji chini kiangazi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kisha yakaja ya zege yenye malango ya chuma, nasi tukashangilia, mimi nikiwa mmoja wa waliopiga makofi. Banio la zege halivuji. Maji yakipungua mtoni, linaweza kuyakinga yote mpaka tone la mwisho, na miaka mingi ndivyo lilivyofanya. Mpunga umeshavunwa, shamba limelala, na mfereji bado unajaa kwa sababu hakuna aliyekwenda kushusha lango. Shamba langu liko karibu na banio la pili, kwa hiyo nayasema haya nikiwa mmoja wa watuhumiwa.

Kibali cha kutumia maji nacho kimetupotosha. Kinataja lita kwa sekunde, na sisi hatuna kipimo chochote mfereji mzima. Mtu akishatoa ada anayaona maji kama umeme wa luku: nimelipia, nawasha. Tofauti ni kwamba luku ina mita.

Kwa mujibu wa azimio lenu tulishusha malango mwishoni mwa Julai na kuyafunga kwa kufuli. Wiki ya tatu kufuli la banio la pili likavunjwa. Vijana wa doria walitaka mtuhumiwa apelekwe kwa mtendaji, na kwa siku mbili sote tuliamini ni wafyatua matofali. Haikuwa hivyo. Walikuwa akina mama wa kitongoji cha chini, na walikuja wenyewe kwenye kamati kusema. Kwao mfereji ndio bomba. Tulipoufunga, walitembea mpaka mtoni na ndoo kichwani, kwenda na kurudi, asubuhi na jioni. Mama mmoja aliuliza kama kwenye kura ile kuna aliyekumbuka kwamba watu wanakunywa. Hakuna. Kosa hilo ni la kamati, na kama mwenyekiti naomba radhi mbele yenu.

Tulikubaliana lango liinuliwe kiasi cha vidole vinne, maji ya kunywa na kuosha yapite. Ni suluhisho bovu. Mfereji ni wa udongo, na maji mengi ya vidole vinne hunywewa na ardhi kabla ya kufika kitongojini. Dawa ni kisima chenye pampu ya mkono, ili mfereji uweze kufungwa kabisa. Barua ya maombi tuliipeleka kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, na sasa imeanza kuzeeka huko.

Jipya linalonikosesha usingizi ni pampu za petroli. Hizi hazipiti kwenye lango. Mpira unatumbukizwa mtoni usiku, asubuhi haupo. Baadhi ni za wakodishaji wa mashamba ya vitunguu, na baadhi ni zetu. Vitunguu vimesomesha watoto hapa kijijini na siungi mkono kuvipiga marufuku. Napendekeza kila pampu isajiliwe na ipangiwe zamu kama jaruba lolote.

Upande wa juu tulikwenda mara moja tu. Wenzetu wa milimani wanalima vinyungu kwenye mabonde yenye unyevu, na mikaratusi imepandwa hadi kwenye chemchemi. Tuliwakumbusha Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inayokataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Walitusikiliza kwa adabu, kisha wakauliza majaruba yetu yako mita ngapi kutoka mtoni. Tukanywa chai tukarudi. Kabla hatujapanda tena kwao, kamati inataka mpaka wetu upimwe, na ambao matuta yao yamefika ukingoni wayarudishe nyuma baada ya mavuno haya.

Wanachama wachache walijaribu kilimo shadidi cha mpunga: mche mmoja mchanga kwa kila shimo, nafasi ya sentimita 25, maji yanaingizwa na kukaushwa kwa zamu badala ya jaruba kufurika muda wote. Waliofuata wanasema maji yanapungua na palizi inaongezeka, jambo ambalo yeyote aliyeng'oa magugu ya jaruba kavu ataliamini. Wasioamini wakatembelee mashamba hayo wakati wa kupandikiza, wasingoje masimulizi yangu.

Ada zimelipwa vibaya. Orodha ya wadaiwa imebandikwa ubaoni, na majina mawili ya kamati yamo.

Mwaka ujao kamati inaomba idhini kwa mambo matatu: kuweka ubao wa kupimia kina cha maji kwenye kila banio, ili tunapogombana tugombane kwa namba, kusajili pampu, na kuchagua akina mama wawili wa kitongoji cha chini kuingia kamati ya zamu. La tatu lingepaswa kutangulia mengine yote. Wazee wanaokumbuka ule mchezo wa golori uliochezwa Usangu miaka ya 2000 mwanzoni, ubao umeinamishwa, golori ni maji, mashimo ni mashamba yetu, wa chini wanabaki mikono mitupu, waje nao. Nasikia ubao mmoja bado umo kwenye stoo ya mtu.

Vitalu vinaanza Novemba, na safari hii zamu ya kwanza ni ya mkiani. Kufuli jipya limenunuliwa. Ufunguo mmoja anao katibu, wa pili wanao akina mama wa kitongoji cha chini.

Mwenyekiti