Tuachieni udongo wa asmini

Mhariri,

Kila ifikapo Februari magazeti huandika jinsi waridi la Naivasha linavyopandishwa ndege kwenda Uholanzi. Nafurahi, ni jasho la Wakenya wenzetu. Naomba nami niitaje asmini, ua la kwetu Mombasa lisilo na shamba wala kampuni. Hutoka uani mwa nyumba za watu.

Mimi hutunga vikuba, vishada vidogo vya maua ya kunukia wanavyojipamba wanawake, na makoja ya kuvaa shingoni, kazi niliyoirithi kwa nyanya. Asmini huchumwa alasiri ingali tumba, imefumba, kwani huchanua usiku. Ikishafunguka haitungiki vizuri, na kesho yake imeshabadilika rangi. Kwa hiyo kazi yote iko baina ya alasiri na isha: kuchuma, kutunga kwa sindano, kufunga pamoja na mrehani (na ua la kilua linukialo, likipatikana), kufunika kwa kitambaa kilichorowa, kisha kumfikishia mteja.

Wateja wapo. Shaabani, harusi zikifuatana kabla ya Ramadhani, naagizwa hadi nakataa. Kinachokosekana ni pa kuchuma. Nyumba za zamani zinavunjwa, zinapandishwa ghorofa, na uani kote kunamiminwa zege hadi ukutani. Kwa mama mmoja nilikuwa nikichuma tangu usichana wangu. Wanawe walipojenga upya, mti uliotambaa hadi juu ya kisima ulikatwa, na pale sasa panaegeshwa gari. Siwalaumu, nyumba ni yao. Lakini sasa asmini twaifuata Likoni, na ikingoja feri juani hufika imelegea. Mteja naye hushangaa mbona kikuba kimepanda bei.

Wapambaji wengine wameshahamia maua ya plastiki. Bibi harusi aliyesingwa, akasuguliwa mwili kwa manukato, kisha akavikwa plastiki, kwangu mimi hajapambwa.

Enyi wenye nyumba, mkimwaga zege acheni pembe moja tu penye jua, hata futi mbili. Asmini haina makuu: maji, jua na kupogolewa. Tena kadiri inavyopogolewa ndivyo inavyozidi kutoa. Kipando chake ni kijiti cha kukata, nami nimeotesha vingi kwenye mikebe. Anayetaka na aulize kwa wauza vikuba wa Mji wa Kale, nitampa bure. Aniruhusu tu kubisha hodi alasiri, na kila kopo nitakalochuma nitamlipa.

Mtunga vikuba,
Mji wa Kale, Mombasa